Mitambo ya upepo baharini: mvuvi wa Ungwana aulizwe kwanza

Adu si mji wa bahari. Ni mahali pa mihogo, mbuzi na, kwa bahati mbaya, makaa. Mtu akaaye huko aweza kupitisha mwezi mzima asilione wimbi. Hata hivyo, ashukaye kutoka Adu kuelekea linakochomoza jua hufika Marereni, akayapita mashamba meupe ya chumvi na mikoko iliyosalia, na mbele yake ikajitandaza Ghuba ya Ungwana. Samaki mkavu aliyemo chunguni Adu hutoka humo. Kwa hiyo litakalotendeka katika ghuba hiyo lawahusu watu wa Adu kama linavyowahusu wa Ngomeni na Kipini, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwa muda sasa kumekuwa na mazungumzo, hasa katika makongamano ya kile kinachoitwa uchumi wa buluu, kuhusu kuutega upepo wa baharini ili utupatie umeme. Nairobi yenyewe ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa juu ya uchumi huo mnamo Novemba 2018. Hadi leo hakuna mtambo hata mmoja wa upepo uliosimikwa baharini kati ya Kiunga na Vanga. Lakini upepo upo, tena mwingi, na wenye mitaji duniani wanautafuta. Afadhali jambo hili tulizungumze wakati ambapo hakuna mkataba uliotiwa sahihi, kwa maana twajua jinsi mazungumzo yanavyokuwa baada ya sahihi.

Nieleze mapema kwamba mimi si mpinzani wa nishati ya upepo. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, imethibitisha kwamba upepo wa Kenya waweza kuwasha taa za Kenya bila moshi. Na iwapo uchaguzi ni kati ya upepo na makaa ya mawe yaliyokuwa yapelekwe Lamu, mradi ambao Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni yake Juni 2019, basi mimi naupokea upepo kwa mikono miwili. Ninachouliza ni mahali, majira na masharti.

Tuanze na mahali. Pwani yetu, kwa sehemu kubwa, haina maji haba mapana. Ukiuvuka mwamba hapo Watamu au Kilifi, baada ya kilomita chache tu sakafu ya bahari huporomoka, na kina kikawa hakipimiki kwa kamba ya nanga. Ungwana ndiyo tofauti kubwa. Mito miwili, Tana na Sabaki, imekuwa ikimimina udongo wake humo karne kwa karne, na sakafu ya ghuba ikawa tambarare ya mchanga na tope inayokwenda makumi ya kilomita kabla ya kuanguka. Mtambo wa upepo unaosimikwa juu ya nguzo hauwezi kuwekwa popote. Kwa kawaida huhitaji kina kisichozidi mita 60 hivi. Basi mhandisi akiichukua ramani ya bahari ya Kenya na kutafuta maji ya kina hicho, yenye nafasi ya kutosha na sakafu laini ya kupigilia nguzo, kidole chake kitatua Ungwana.

Lakini kidole cha kamba nacho kilitua hapo zamani. Kamba hukulia katika mikoko na midomo ya mito, kisha hutoka kwenda kwenye tope la maji haba. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Kenya penye kamba wa kiasi hicho, wala penye uwanja wa kukokotea nyavu wa ukubwa huo. Wenye jarife, wenye mishipi na wenye mitumbwi ya kusukumwa kwa pondo wote wamo humo. Nguzo na nyavu zinataka maji yale yale, na sababu inayozileta zote mbili ni moja.

Sasa majira. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mtu wa bara huweza kufikiri kwamba mtambo wa upepo utagongana na mvuvi wakati wa upepo. Sivyo. Kusi inapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, mitambo ingekuwa inazunguka kwa furaha yake, ilhali vyombo vingi vidogo vimevutwa pwani au vinavua ndani ya mikono ya bahari palipo na kinga. Ugomvi hauko kwenye kusi. Uko kwenye kaskazi.

Kaskazi, tangu Novemba hadi Machi hivi, bahari hutulia. Huo ndio msimu wa mvuvi mdogo. Hapo ndipo alipapo madeni ya kusi, hununua nyavu na kulipa karo. Wakati huo pia wavuvi wa Pemba huja na kambi zao kufuata samaki, desturi ya tangu zama. Kanuni za uvuvi wa kamba zilizotungwa mwaka 2010 huzifungia meli kubwa za kukokota nyavu kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Machi. Na je, meli za kupigilia nguzo baharini, na zile za kutandaza nyaya, hufanya kazi lini? Huitaka bahari iliyotulia. Mkandarasi yeyote mwenye akili atauomba msimu wa kaskazi, mwaka baada ya mwaka hadi ujenzi ukamilike, na uwanja wa ujenzi hufungwa kwa kila chombo kisichohusika. Hilo halitaandikwa kwa herufi kubwa katika ripoti ya athari za mazingira. Litajificha katika ratiba ya kazi, kwenye kiambatisho ambacho hakuna nahodha atakayekisoma.

Kuhusu viumbe wenyewe, ukweli hauko upande mmoja. Kupigilia nguzo kwa nyundo za mashine hutoa kishindo kinachosafiri mbali chini ya maji na kuwasumbua pomboo na nyangumi. Huko Ujerumani wamelazimika kuizungushia kazi hiyo pazia la mapovu ya hewa ili kuupunguza mshindo. Nyangumi wenye nundu hupita kwetu katikati ya mwaka, na watalii huenda Watamu kuwatazama. Kasa hutaga katika fukwe zetu. Mdomo wa Sabaki huwapokea ndege watokao Bukini kila mwaka, na mapanga ya mtambo hayabagui ndege. Kwa upande mwingine, nguzo ya chuma ikishakaa baharini huota chaza na magugu, na samaki wakaja kukaa chini yake kama wakaavyo kwenye mwamba. Mahali ambapo nyavu za kukokota hazipiti tena, sakafu ya bahari hupata nafuu. Yawezekana kabisa mitambo ikawa rafiki wa samaki. Swali ni kama mvuvi ataruhusiwa kumfuata samaki huyo.

Na katika swali hilo nchi hazikubaliani. Ubelgiji huzuia vyombo vya uvuvi kuingia ndani ya maeneo ya mitambo. Uingereza haikatazi mitambo ikishaanza kazi, lakini wenye nyavu za kukokota wengi hukaa kando wakihofia kunasa nyaya. Huko Ufaransa, katika ghuba ya Saint-Brieuc, wavuvi waliingia baharini na mashua zao mwaka 2021 kuupinga ujenzi. Mitambo 62 ilisimama hata hivyo, na kazi ikakamilika mwaka 2024. Hao ni wavuvi wenye vyama vyenye nguvu, mawakili na wabunge wanaowaogopa. Mvuvi wa Marereni ana nini?

Ana historia, na historia hiyo haimpi matumaini makubwa. Asimamaye Ngomeni leo huweza kuyaona majukwaa ya San Marco, yaliyosimikwa baharini na Waitaliano katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kurusha roketi. Setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Moja, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu, na ndiyo iliyowafungulia wanasayansi mlango wa kuichunguza miale ya eksirei kutoka angani. Fahari hiyo ni yetu pia, na siidharau. Ila swali la kile ambacho Ngomeni yenyewe ilipata limekuwa likiulizwa kwa miongo, na mkataba mpya baina ya Kenya na Italia ulisubiri hadi 2016. Aidha, roketi ya mwisho ilirushwa 1988, na miguu ile ya chuma ingali baharini. Linganisha na Denmark. Mitambo ya kwanza duniani ya upepo wa baharini ilijengwa Vindeby mwaka 1991, miaka mitatu baada ya San Marco kunyamaza. Ilizeeka, ikang'olewa mwaka 2017. Basi katika mkataba wowote utakaoletwa, kifungu cha kwanza ambacho ningependa kukisoma ni kile cha kung'oa: nani, lini, na fedha zake zimewekwa wapi.

Kisha kuna chumvi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi katika Magarini, na wananchi wakajitokeza kueleza habari za ardhi, za mikoko na za njia za kwendea baharini. Kuna pia zile meli za kukokota nyavu, ambazo ugomvi wake na wavuvi wadogo ulifika mahali zikapigwa marufuku katika ghuba mwaka 2006, zikaruhusiwa tena 2011 chini ya kanuni mpya. Katika kila kisa hapo juu, mwenyeji aliulizwa baada ya jambo kutendeka.

Lamu nao wana lao. Bandari mpya ilipochimbwa na kuziharibu mbuga za mikoko na maeneo ya kuvulia, Mohamed Ali Baadi na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, na wavuvi wapatao 4,600 wakatunukiwa shilingi bilioni 1.76. Ilikuwa hukumu ya kihistoria. Lakini malipo yalikawia miaka, na fidia ya namna hiyo, hata ilipwe kesho, humlipa mtu aliye katika orodha. Mpemba ajaye na kaskazi hayumo katika orodha ya Kilifi. Mama karanga, anayemnunua samaki ufuoni, akamkaanga na kumtembeza hadi vijiji vya bara, hana chombo wala leseni ya kuvulia. Mchuuzi wa Adu anayechukua samaki mkavu kwa baiskeli hata hafikiriwi.

Sheria nazo zinatuacha uchi katika jambo hili. Wakazi wa Marsabit walipokwenda kortini kuhusu mashamba ya mitambo ya Turkana, walikuwa na ardhi ya jamii ya kudai, na mwaka 2021 mahakama ikakubali kwamba hati zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mvuvi hana ardhi ya kudai. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaiweka bahari yetu na sakafu yake miongoni mwa ardhi ya umma, chini ya amana ya serikali ya kitaifa. Na Sheria ya Kawi ya 2019 huigawia kaunti asilimia 20, na jamii ya mahali asilimia 5, ya mrabaha unaotokana na mvuke wa ardhini. Upepo haukupewa mgao wa namna hiyo. Olkaria ingekuwa Ungwana, tungekuwa tunazungumza mengine.

Wabunge na maseneta wa Pwani wanaweza kulirekebisha hilo kabla ya mwekezaji wa kwanza kufika, na itakuwa rahisi kuliko baadaye. Wala mgao wa fedha si njia pekee. Mbele ya jiji la Copenhagen iko mitambo 20 ya Middelgrunden, na nusu yake ilinunuliwa na chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000, watu wa kawaida wenye hisa zao. Sisemi mvuvi wa Ngomeni ana akiba ya kununua hisa. Lakini barafu anaijua thamani yake. Samaki asiye na barafu huuzwa kwa bei ya tajiri, si ya mvuvi, na barafu ni umeme tu uliogandishwa. Itakuwa kejeli ya ajabu nyaya za umeme kupita chini ya mtumbwi wa mtu anayeuza kolekole kwa bei ya kutupa kwa sababu jua linapanda.

Ipo pia njia ya kuikwepa ghuba kabisa. Mitambo inayoelea, kama ile 5 iliyowekwa Scotland mwaka 2017, husimama penye kina cha mita 100 na ushei, mbali na kamba na jarife. Ni ghali zaidi, na mwekezaji atalisema hilo tangu dakika ya kwanza. Ajibiwe kwamba tofauti hiyo ya bei haitoweki nguzo zikiletwa Ungwana. Hulipwa na wengine.

Kazi ya kuanzia ni ndogo kuliko yote hayo. Vikundi vya wavuvi vya BMU viko ufuoni tangu kanuni za 2007, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina wataalamu wanaoijua ghuba hii. Waketi pamoja, wachore ramani inayoonyesha nani anavua wapi, kwa chombo gani, mwezi gani. Kamba huzalia wapi. Wapemba hupiga kambi wapi. Samaki wa Adu hupakiwa wapi. Haihitaji meli. Yahitaji manahodha wazee wachache, karatasi kubwa, na msimu mmoja wa kaskazi. Kisha ramani hiyo ipelekwe Kilifi na Nairobi ikiwa imegongwa muhuri, iwe mezani tayari siku mwekezaji atakapoikunjua ya kwake.