Foto za watoto wako ziko wapi?

Mimi sina foto hata moja ya utoto wangu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka mjini, nyumba yetu iliungua na albamu ya mama ndani. Ndiyo maana siku ya Mungu, tukitoka kutembea na watoto, ninabeba aparei ndogo ya mfukoni.

Ninaiweka kwenye nyeusi na nyeupe. Goma yetu inapatana nayo: kuta za mawe ya lava, vumbi jeusi, chukudu za mbao. Simamisha mtoto mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweusi, utaona. Lakini aparei ikikuta weusi mwingi huzidisha mwangaza, na shati linapotea, upunguze kidogo. Piga magoti, uwe sawa na macho ya mtoto.

Watu wa barabarani tunawaomba kwanza. Juzi, karibu na sanamu ya chukudu, mzee mmoja alikataa. Binti yangu akamwambia, "Aksanti, baba," tukaendelea. Hilo nalo ni somo. Askari hatuwapigi foto kamwe, hata kwa mbali.

Kisha zitolewe kwenye karatasi, maana simu huibwa. Nyuma andika jina na tarehe, uziweke bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa. Mwezi wa tano 2021, tulipokimbilia Sake, bahasha hiyo ilikuwa ndani ya kitenge, kifuani pangu. Nakala nyingine mpe shangazi anayekaa mbali.