Redio ya Mtumba Ndani ya Gari

Wiki hii, wapenzi wasikilizaji, nataka tuzungumze juu ya redio ya gari. Wapo watakaosema kuwa nchi ina mambo makubwa zaidi ya kujadili. Ni kweli, lakini wanivumilie, maana jambo hili lilinikuta Mkange, kule kaskazini ya Bagamoyo kwenye barabara iendayo Saadani, na kwa saa nzima na ushei sikuwa na jibu la kumpa mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa kali.

Nianze na gari lenyewe. Ni Toyota Corolla, limetumika Japani kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam, kama yalivyo magari mengi tunayopishana nayo kila siku. Lilikuja na redio yake nzuri, safi, isiyo na mkwaruzo. Kasoro ilikuwa moja tu: haikusikia sehemu kubwa ya vituo vyetu. Mimi mtangazaji, nimekaa ndani ya gari langu, na kipindi changu mwenyewe sikipati! Mzee mmoja wa Mkange, ambaye redio yake ya betri ilikuwa ikinguruma chini ya mwembe, aliniuliza kwa upole, "Bwana mtangazaji, kwani gari lako ni bubu?"

Si bubu, limezoea masafa ya kwao. Japani ilitenga masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Juu ya hapo, kutoka 90 hadi 108, walikuwa wameweka chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni hizo za analojia zilizimwa mwaka 2011, isipokuwa katika mikoa mitatu iliyopigwa na tsunami, ambako zilisubiri hadi mwaka uliofuata. Tangu 2014 Wajapani wamesogeza redio zao hadi megahezi 95, na hapo ndipo walipokomea. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108. Hivyo basi, redio ya zamani ya Kijapani inakutana na yetu kwenye kipande kidogo tu cha chini. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, tulipokuwa tukisikiliza masafa ya kati, hakuna aliyeligundua hilo. Ni baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo vya binafsi, na usikilizaji kuhamia FM, ndipo dashibodi zetu zilipoanza kunyamaza.

Dawa ya kwanza, nayo ni rahisi, ni kile kidude kinachoitwa ekspanda, kinachofungwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kuteremsha masafa. Ikiwa kinapunguza megahezi 12, kituo cha 98 utakipata redio ikiandika 86. Lakini piga hesabu: 76 hadi 90, ukiongeza 12, unapata 88 hadi 102. Kituo chako kikiwa 104, umekikosa. Ukichukua cha kupunguza 20, unapata kuanzia 96 kwenda juu, na vya katikati ya 90 na 96 vinapotea. Kwa hiyo uliza kwanza kinapunguza ngapi, halafu fikiria unasikiliza nini.

Mimi sikutaka mahesabu. Nikaamua kung'oa redio ya kiwandani na kuweka ya mtumba. Na hapa nikiri ujinga wangu: ya kwanza niliyonunua ilikuwa imetolewa kwenye gari jingine la Japani! Ilikuwa na kioo kikubwa cha kupendeza, na masafa yale yale ya 76 hadi 90. Baadhi ya hizo zenye kioo, zikishakatwa umeme wa betri, hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani kwa maandishi ya Kijapani. Ya pili ilikuwa ya soko la Ulaya, ikisoma hadi 108 kama nilivyotaka. Fundi mmoja wa kando ya barabara akaifunga kwa muda mfupi mno. Nikafurahi, nikaondoka.

Sasa sikilizeni kilichofanyika. Redio hizi zina nyaya mbili za umeme. Wa njano unatoka kwenye betri moja kwa moja, usiku na mchana, ili redio isisahau vituo ilivyohifadhi. Wakati wa kuhifadhi tu, unakunywa umeme kidogo sana. Wa mwekundu hupata umeme ukiwasha funguo, na ndio unaoiamuru redio iamke au ilale. Mweusi unafungwa kwenye bodi ya gari. Rangi hizo ni za redio. Nyaya za gari zina rangi zake, na fundi makini huzipima kwa taa au mita, haendi kwa kubahatisha. Fundi wangu hakupima. Aliuunganisha mwekundu na wa njano pamoja, akaviringisha utepe, basi. Redio haikuwa inalala.

Nilifika Mkange asubuhi kurekodi mazungumzo na wakulima. Nilikuwa nimepunguza sauti hadi sifuri njiani, nikatoa funguo, nikaliacha gari kivulini. Usiku wa pili, mama yule akaja mlangoni nilipolala. "Kaka, nisaidie, tumeambiwa tumpeleke Bagamoyo." Nikazungusha funguo. Kimya. Betri ya Corolla yangu ni ya ampea 35 kwa saa, tena si mpya. Mzigo wa ampea moja tu unaimaliza kwa siku moja na nusu. Vijana wakajitolea kusukuma, nikalazimika kuwaambia kuwa gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Tulisubiri mpaka lori likapita, dereva akakubali tuchukue umeme kwa nyaya kutoka betri yake. Mtoto alifika hospitali, alipona. Lakini ile saa ya kusubiri, mama akimpepea kwa upande wa khanga, mimi naijua.

Nilipofungua dashibodi mjini nikaona na jingine: fyuzi iliyokuwa nyuma ya redio haikuwepo, mahali pake pamewekwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya ampea 10 au 15 ikiungua ndiyo inayokuokoa. Karatasi ile haiungui mpaka nyaya zishike moto. Tena nyaya hasi za spika zilifungwa kwenye bodi, jambo ambalo redio nyingi za siku hizi haziwezi kulivumilia.

Ukienda Gerezani au Kariakoo kununua, dai redio iwashwe kwenye betri mbele yako, na spika zote nne zijaribiwe. Tazama mkia wa nyaya. Ikiwa zimekatwa kwa kisu karibu kabisa na plagi, na muuzaji hana risiti, na kioo kinadai namba ya siri asiyoijua, basi huenda redio hiyo jana usiku ilikuwa mali ya jirani yako, na sheria inamhesabu anayepokea mali ya wizi huku akijua kuwa ni mkosaji pia.

Yangu imefungwa upya, wa njano na mwekundu kila mmoja na njia yake. Ile ya kiwandani nimeihifadhi kabatini.