Karo Pekee Haimtoshi Askari Aliyerudi Darasani

Serikali ya Marekani si bahili inapowalipia karo wanajeshi wake wa zamani. Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria maarufu kwa jina la GI Bill mwezi Juni 1944, na kwa fedha hizo askari wapatao milioni 2.2 wa Vita Vikuu vya Pili waliingia vyuoni. Sheria ya 2008, iliyoanza kutumika Agosti 2009, iliwafungulia waliotumikia jeshi baada ya Septemba 2001 fursa ya kupata hadi miezi 36 ya karo, posho ya nyumba na fedha za vitabu. Kwa hilo sina ubishi. Ninalouliza ni hili: nani amlipe mtu wa kumpokea askari huyo akishafika chuoni?

Jeshi lina lugha yake. Ni lugha ya amri na vifupisho, na anayeuliza "kwa nini" wakati risasi zinavuma huhatarisha roho za wenzake. Chuoni mambo hupinduka. Anayenyamaza akingoja kuelekezwa huhesabiwa mzito wa fahamu, na anayejibu kwa mkato huonekana mwenye kiburi. Mtu huyu hana upungufu wa akili. Amehamishwa kutoka sajili moja hadi nyingine bila mkalimani. (Sisi walimu wa isimu tumezoea mno mifano ya sajili za mahakamani na hospitalini, ya kambini ingefaa kuongezwa.) Isitoshe, aghalabu amewazidi umri wanafunzi wenziwe, ana mke au mume na watoto, na pengine masikio yaliyoharibiwa na milipuko.

Kisha yako makaratasi. Idara ya Wanajeshi wa Zamani hailipi mpaka afisa wa chuo athibitishe kwamba mwanafunzi amejisajili. Tangu Agosti 2011 posho ya nyumba hukatwa baina ya mihula, ilhali mwenye nyumba hana likizo ya kudai kodi. Mnamo 2018 kompyuta za idara hiyo zililemewa na mabadiliko ya sheria, maelfu ya wanafunzi wakacheleweshewa posho. Siku kama hizo, afisa mmoja anayejua mlango wa kubisha hodi ana thamani kuliko hotuba kumi za shukrani kwa mashujaa.

Afisa huyo, kwa sehemu kubwa, ni mzigo wa chuo chenyewe. Ada ambayo serikali hukipa chuo kwa kazi ya kuwaandikisha na kuwatolea taarifa wanafunzi hao ilipandishwa na sheria ya 2017 hadi dola 16 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Dola kumi na sita! Ipo pia ruzuku ya vituo vya kuwahudumia, iliyoruhusiwa na sheria ya 2008, lakini hiyo ni ya kushindaniwa. Chuo kikuu tajiri kina wataalamu wa kuandika maombi. Chuo cha miaka miwili, ambako wengi wa askari hawa huanzia, huenda kina karani mmoja mwenye kazi nyingine tano. Idara haikosi kuijua haja hii, kwani mwaka 2009 ilianza kuwaweka washauri wake vyuoni, Chuo Kikuu cha South Florida kikiwa cha kwanza.

Wakenya pia wamo. Mpango wa MAVNI, uliosajili wageni jeshini kuanzia 2009 hadi ulipositishwa 2016, uliwatafuta wajuzi wa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo lugha hii tunayoifundisha iliwafikisha baadhi ya watu kwenye magwanda, na kutoka huko kwenye madawati.

Kuna watakaosema kwamba maskini wengine pia wanahitaji washauri. Ni kweli, nao wapewe. Lakini hapa hazina imekwisha kulipa karo: askari akivunjika moyo muhula wa pili, miezi aliyotumia hairudi, na akiacha somo bila sababu inayokubalika aweza kudaiwa fedha zenyewe. Ningependa kila karo inayolipwa iandamane na fungu maalumu la huduma, lihesabiwe kwa idadi ya wanafunzi wala si kwa ufundi wa kuandika maombi, na lifike kwanza katika vyuo vile vya karani mmoja.