Mwili Hulala Ukishapoa

Mwezi Februari, usiku wa Dar es Salaam hubaki karibu nyuzi joto 25 nje, na ndani ya nyumba ya bati huwa zaidi. Ndiyo maana wengi huoga maji baridi dakika chache kabla ya kupanda kitandani, kisha wanashangaa kujikuta wako macho.

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka kwa takriban nyuzi moja, na mlango mkuu wa joto hilo kutokea ni ngozi, hasa ya viganja na nyayo. Maji ya baridi sana hubana mishipa ya damu ya ngozi, joto likazuiliwa ndani. Maji ya uvuguvugu huipanua. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walikusanya tafiti nyingi za jambo hili wakaona kuwa kuoga maji ya moto wa wastani, saa moja au mbili kabla ya kulala, hupunguza muda wa kuusaka usingizi kwa dakika 10 hivi. Basi oga mapema, tena usiogope kuyapasha kidogo.

Chai ya usiku nayo ina lake. Kafeini huziba nafasi ambazo adenosini, kemikali inayotuletea usingizi, hujishika kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, nusu yake huchukua takriban saa tano kuondoka: kikombe cha saa mbili usiku, saa saba bado kinafanya kazi. Anayekula ugali akalala papo hapo hujitafutia kiungulia. Asubiri saa mbili au tatu, na akilala, alalie ubavu wa kushoto. Simu izimwe mapema, mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi.

Linalonisumbua zaidi ni chandarua kuachwa kwa sababu ya joto. Ni kweli kinapunguza upepo, lakini malaria haijali jasho letu. Tandika shuka la pamba juu ya godoro la sponji, sogeza feni karibu, na uchague chandarua kipana cha pembe nne, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Hicho huacha nafasi ya hewa, wala hakigusi ngozi, maana kikigusa, mbu hudunga kupitia matundu yake.