SAMAKI HANA PASI

Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, inayohusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Filamu hiyo ilizusha ubishi mkubwa, na mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania aliipinga hadharani. Ubishi ulipita, swali likabaki: ziwa likivuliwa kwa ajili ya soko la mbali, watu wa kandokando yake watakula nini kesho?

Ziwa Mweru lilikwisha kutoa jibu zamani. Katika miaka ya 1940, tegemeo kubwa la wavuvi wa huko lilikuwa samaki aitwaye mpumbu. Mvua zilipoanza, alipanda Mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Wavuvi walimngoja njiani kwa nyavu, na wafanyabiashara wakampeleka kulisha wachimba madini wa Katanga na wa Ukanda wa Shaba. Aliyevuliwa alikuwa mama mwenye mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeporomoka. Wavuvi wa Nchelenge wakaegemea samaki aitwaye pale, na baadaye chisense, dagaa mdogo anayevuliwa usiku kwa taa.

Ndiyo sababu sheria ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Ndiyo sababu pia kokoro na chandarua cha mbu ni adui wa ziwa: huzoa hata vifaranga.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu askari. Ziwa ni la nchi mbili, Zambia na Kongo, na samaki hana pasi. Askari wa doria anayepokea kitoweo ili afumbe macho, anauza chakula cha watoto ambao hawajazaliwa. Lakini askari anayemwonea mvuvi mnyonge, huku akimwacha tajiri aliyemnunulia kokoro, naye haitumikii sheria. Mvuvi akiiona sheria kuwa ni fimbo tu, ataikwepa gizani. Akielezwa sababu yake, na akiiona ikiwagusa wote sawasawa, atakuwa mlinzi wa kwanza wa maji yake.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Mpumbu ametufundisha. Tusingoje pale naye atufundishe.