Nani Atamtunza Tukiisha Kuondoka?

Leo twawakumbuka wazazi wenye mtoto wa hali ya Down. Mtoto huyu si laana wala adhabu. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha kwamba ana kromosomu 47 mahali pa 46. Amezaliwa hivyo, hakuna aliyemroga.

Zamani wengi walikufa mapema. Huko Marekani, mwaka 1983, wastani wa maisha yao ulikuwa kama miaka 25. Siku hizi ni karibu 60. Twamshukuru Mungu! Lakini basi, mtoto aweza kubaki baada ya wazazi wake. Nani atamtunza?

Tumtazame Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili. Daudi alimrudishia mashamba, akamweka Siba ayalime, akamkaribisha mezani pake siku zote.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kwanza, tuandike wosia, fungu lake lijulikane. Pili, tuchague wasimamizi waaminifu, nao wakubali. Ndugu zake wasitwikwe mzigo bila kuulizwa. Tena wasiwe mmoja tu, maana baadaye Mefiboshethi alilalamika kwamba Siba amemsingizia. Tatu, tumfunze kufua, kupika na kutumwa dukani. Hujifunza polepole, lakini hujifunza.

Na kanisa je? Limpe nafasi sasa, wazazi wake wangali hai: apange viti, agawe vitabu vya nyimbo. Tusipomjua leo kwa jina, kesho tutamkumbukaje?

Bwana atupe meza yenye nafasi. Amina.