Umoja na Wingi wa Majina katika Semi za Kiingereza

Waalimu wa pande za Murangi, katika Majita, wawajua wanafunzi waandikao “a three days journey” badala ya “a three-day journey”. Kosa hukatwa kwa wino mwekundu, na mtoto huhesabiwa mzembe. Walakini si uzembe. Mtoto huyu amefuata sheria ya lugha yake kwa uaminifu, nasi yatupasa kujua asili ya jambo hili.

Katika Kijita mtu ni omunu, na watu ni abhanu. Kiswahili nacho chasema mtu na watu. Idadi hukaa mwanzoni mwa jina, kisha huyatawala maneno yaliyo pamoja nalo: watu wawili wazuri wamefika. Hata neno la sifa halisamehewi. Kiingereza hutia alama ya wingi mwishoni mwa majina yake mengi, bali sifa haibadiliki: “good book”, “good books”.

Basi hapa ndipo penye ufunguo. Jina la Kiingereza likitangulia jina jingine ili kulieleza, hufanya kazi ya sifa, na kwa kawaida huvua alama ya wingi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 10 ni “a ten-year-old boy”, na duka la vitabu ni “bookshop”, ingawa vitabu vimo mamia. Pasipo jina la kufuata, wingi hurudi: “the boy is ten years old”. Yapo machache yasiyotii, kama “sports ground” na “savings bank”. Hayo hufundishwa moja moja. Tena lipo umbo la kumiliki, “three days' journey”, lenye ritifaa baada ya s. Hilo ni sahihi, nalo ni la kale; limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611.

Kundi la pili ni majina yasiyohesabika. Aliyezoea mashauri na mizigo huandika “advices” na “luggages”. Na atazame maji na maziwa: yana umbo la wingi, wala hayana umoja. Tukitaka kuhesabu, twasema matone mawili ya maji. Vivyo hivyo Kiingereza husema “two pieces of advice”. Nalo “news” lina s mwishoni, lakini ni umoja: “the news is good”.

Shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na kosa lisiloelezwa humfuata mtoto hata katika mtihani wa historia. Kwa hiyo mwalimu na aandike ubaoni sentensi moja kwa Kijita, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha awaulize wanafunzi: alama ya wingi imekaa wapi, na ni maneno gani yanayoitii?